UZI: Nyumba ya mbao Goma, vumbi jeusi na maji ya bidoni. Namna ya kuiweka safi na kwa mpangilio

#1 Mama wa Ndosho

Jambo wana Goma, na wote wanaopita hapa.

Mafundisho mengi ya usafi tunayotumiana kwenye simu yanamfaa mtu mwenye nyumba ya matofali, bomba jikoni na vigae chini. Wengi wetu tunakaa katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Maji yanafika mgongoni au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, bidoni (dumu) ya lita 20 moja moja. Kiangazi, vumbi linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Mvua ikianza Septemba, matope meusi yanafuata miguu mpaka kitandani. Nimelea watoto katika nyumba ya namna hiyo na ninaipenda. Inaweza kung'aa. Lakini ina taratibu zake, nazo ndizo ningependa tuziweke hapa pamoja.

Ninachoamini ni hiki: nyumba ya mbao husafishwa kwanza kwa nyundo na misumari, fagio linafuata. Na mama anayejua maji gani ni ya kazi gani atatumia bidoni chache, na nyumba yake itakuwa safi kuliko ya yule anayemwaga ovyo.

Nianze na vumbi. Mbao nyingi tunazojengea zinapigiliwa zikiwa bado mbichi. Zikikauka zinasinyaa, na kati ya ubao na ubao panabaki mwanya. Hapo ndipo linapopita vumbi na upepo wa usiku, na humo ndimo kunguni na mende wanamoshinda mchana. Fanya hivi: siku ya jua kali, saa nane mchana, ingia ndani, funga mlango na madirisha, shusha rido (pazia), zima taa. Kila mstari wa mwanga unaouona ukutani ni njia. Utaliona vumbi lenyewe likicheza ndani ya mwanga. Chukua chaki, weka alama kila mahali. Kisha mwite fundi, au kijana wako mwenye mkono mwepesi, apigilie ubao mwembamba juu ya kila mwanya kwa upande wa nje. Vipande vile vyembamba mafundi wengi wanavitupa au kuviuza kama kuni, kwa hiyo ukiomba mapema unavipata kwa bei ndogo.

Kwa ndani wengi wetu tunapigilia bashi (turubai) au kartoni. Bashi ni nzuri kwa upepo, ila ivutwe ikakaze na isifike sakafuni, maana panya hujenga nyuma yake. Kartoni siipendi hata kidogo. Inanyonya unyevu, inanuka, na mikunjo yake ni makao ya mende.

Juu kuna bati. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi ya salfa, na ikichanganyika na mvua inakuwa asidi. Ndiyo sababu mabati yetu yanashika kutu upesi. Usiku wa baridi, jasho la nyumba linaganda chini ya bati, na alfajiri linadondoka na kutu yake juu ya shuka. Mwenye uwezo mdogo aanze na tripleksi (mbao nyembamba za kubandika dari) juu ya chumba cha kulala tu. Saloni, yaani sebule, inaweza kungoja.

Mlangoni: mwaga kokoto nyeusi za volkano kutoka njia mpaka kizingiti, unene wa kiganja. Zina matundu, maji yanapita, na matope yanabaki nje. Baada ya kokoto weka gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, na pembeni ubao wa kuweka viatu chini ya paa. Hakuna anayeingia na viatu, hata mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima ndiye wa kwanza kuelewa.

Kufagia ni kutoka juu kwenda chini, na kutoka kitandani kwenda mlangoni. Kamwe usifagie pakavu. Chovya vidole kwenye maji, nyunyiza kidogo sakafuni, subiri kidogo, fagia taratibu. Ukifagia pakavu vumbi linapanda, linakaa hewani, na ukimaliza linashuka tena juu ya sahani ulizozipanga. Vumbi letu ni la jiwe lililosagwa na matairi, lina ncha. Ndiyo maana juu ya meza na televisheni usipanguse na kitambaa kikavu, litakwaruza. Kitambaa chenye maji kidogo, pita mara moja, geuza upande, pita tena.

Sasa maji. Goma haina mto unaopita mjini. Maji yetu ni ya ziwa na ya mvua, nayo si sawa. Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi, hasa magnesi. Sabuni haitoi povu vizuri, inaganda ganda, na birika linashika ukoko mweupe. Maji ya mvua ni laini, sabuni kidogo inatosha. Kwa hiyo mimi napanga hivi: ya mvua kwa nguo, nywele na kuoshea vyombo, ya ziwa yaliyotiwa dawa kwa kunywa na kupikia. Mvua za kwanza baada ya kiangazi usizikinge mwanzoni, ziache zioshe bati. Maji ya kusuuza nguo mara ya mwisho yanaosha sakafu, na ya sakafu yanaenda chooni.

Bidoni zenyewe zisafishwe. Ndani hushika utelezi wa kijani ambao mkono haufiki. Weka vijiwe laini vya ufukweni, konzi moja, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa kwa nguvu mpaka zilie. Mwaga, suuza mara mbili. Bidoni ya kunywa iwe na alama yake, kamba nyekundu kwenye mkono kwa mfano, ikae juu ya ubao, isikae chini kamwe. Na mafuta yasiingizwe humo hata siku moja.

Nimeandika mengi. Karibuni, kila mtu alete anachokijua.

#2 Selibateri wa Katoyi

Aksanti mama. Mimi nina chumba kimoja, mita tatu kwa tatu na nusu hivi. Napika humo humo mvua ikinyesha. Nguo zinanuka moshi, makala (makaa ya kupikia) yako chini ya kitanda. Nianzie wapi?

#3 Mama wa Ndosho

Mdogo wangu, anza na makala. Gunia la makala likikaa ndani, kila ukichota unatoa unga mweusi unaopanda juu ya kila kitu. Tengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko nje, chini ya paa, na ndani ulete kwenye kopo yale ya siku moja tu.

La pili, usipike ndani ukifunga mlango, hata kama mvua ni ya mawe. Mbabula, jiko letu la makala, inatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Weka mbabula kizingitini, na paa la mlango lirefushwe kwa bati moja. Hiyo bati moja itakusaidia kuliko kabati jipya.

Chumba kidogo kipangwe ukutani. Sakafuni vibaki vitu vitatu tu: kitanda, ndoo, na kiti. Kitanda kiinuliwe juu ya matofali ili fagio lipite chini, na kisiguse ukuta, acha upana wa mkono. Valizi (masanduku ya nguo) ziende juu, kwenye ubao mrefu unaozunguka chumba karibu na dari. Unga wa fufu, maharagwe, mchele, kila kimoja kwenye ndoo yenye kifuniko cha kukaza. Mfuko wa plastiki si ulinzi, panya anautoboa usiku mmoja. Nguo za kazini zitundikwe mbali na mlango, zifunikwe kwa kikwembe kilichochakaa.

Na vitu ambavyo hukuvigusa tangu kiangazi kilichopita, mpe mtu. Chumba chako hakina nafasi ya kuvilaza.

#4 Fundi Mbao

Mama amesema kweli kuhusu mianya. Niongeze ya kazini kwetu.

Watu wengi wanauliza kwa nini Goma ni mbao tupu. Hapa chini ni mwamba. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wamejenga tena juu yake. Kuchimba msingi ni kupasua jiwe. Nyumba ya mbao ni nyepesi, inasimama juu ya mawe yaliyopangwa, na ukihama unaweza kuifungua ukaibeba. Kwa hiyo mbao si aibu, ni akili ya mahali. Ila inataka kutunzwa.

Kwa nje tunapaka mafuta machafu ya injini, yanazuia maji na mchwa. Sawa, lakini nje tu. Nimeona watu wanapaka mpaka ndani ya chumba cha watoto. Yananuka miezi, yanashika vumbi, na moto ukitokea ni hatari kubwa. Kwa ndani paka rangi ya maji, nyeupe au krimu. Ukuta mweupe unaonyesha uchafu mapema, kunguni anaonekana, na chumba kinapata mwanga hata kwa taa ndogo.

Chini: kama sakafu ni ya mbao iliyoinuliwa, acha upepo upite chini yake. Usizibe pembeni kwa takataka na mawe madogo. Ikizibwa, ubao unaoza na harufu unaisikia ndani, unadhani ni nguo.

#5 Dada Himbi

Mimi natia Javel (dawa ya klorini ya kusafishia) kila mahali, sakafu, meza, choo, na siku hizi nachanganya na siki ili harufu iwe kali zaidi, nione kweli imesafisha. Je ni vizuri? Maana macho yanawasha.

#6 Muuguzi wa Mabanga

Dada, simama hapo hapo. Javel na siki visikutane. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ndiyo inayokuwasha macho, na katika choo kidogo inaweza kukuumiza mapafu. Vivyo hivyo Javel na dawa yoyote yenye amonia, au na mkojo mwingi uliokaa ndooni. Javel inatumika peke yake na maji baridi. Maji moto yanaivunja nguvu.

Jambo jingine: Javel haisafishi uchafu, inaua vijidudu. Ukiimwaga juu ya matope, matope yanaimaliza nguvu. Kwanza sabuni na maji, suuza, ndipo Javel, iache kama dakika 10.

Vipimo: soma chupa. Ikiandikwa 5%, kipimo 1 cha Javel na vipimo 9 vya maji vinatoa 0.5%, hiyo ni ya choo na mahali mgonjwa alipotapika au kuharisha. Kipimo 1 na vipimo 99 vinatoa 0.05%, ile tuliyokuwa tunanawia mikono wakati wa Ebola, mgonjwa wa kwanza alipofika Goma Julai 2019. Changanya ya siku moja tu, kesho haina nguvu tena. Chupa ikae gizani, mbali na watoto, na isiwe chupa ya maji ya kunywa hata kidogo.

Kwa sakafu ya kila siku ya nyumba isiyo na mgonjwa, sabuni inatosha. Utaokoa pesa na pua.

Niseme pia juu ya maji, kwa kuwa nyumba safi yenye maji mabaya haijakamilika. Kipindupindu hakijaondoka kwetu tangu zamani. Wazee mnakumbuka Julai 1994, maelfu walikufa katika kambi za wakimbizi pembeni ya mji. Ukichota ziwani, pitia kwa wale wanaotia dawa kwenye bidoni ufukweni, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Usichovye kikombe ndani ya ndoo. Mimina, au tumia kata yenye mkono mrefu inayotundikwa peke yake.

Na maji ya mvua, mama yuko sahihi kuyaweka kwa nguo. Mvua inayopita katika moshi wa volkano huokota floridi. Ndiyo inayotia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi, na klori haiiondoi.

#7 Dada Himbi

Aksanti sana muuguzi. Siki nimeipeleka jikoni.

#8 Mama wa Ndosho

Jikoni kweli ina kazi yake: siki au ndimu inaondoa ule ukoko mweupe wa birika. Chemsha na maji kidogo, acha usiku, asubuhi suuza. Tena birika pekee, hakuna Javel karibu.

#9 Mwana Kadutu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Kwetu shida si vumbi jeusi, ni mteremko. Nyumba moja inamwaga maji machafu juu ya paa la nyingine. Matope ni mekundu, yanateleza, na unyevu wa ukuta hautoki. Unaweza kuosha ndani kila siku, jirani wa juu akimwaga beseni, imekwisha.

Kilichotusaidia ni rigoli. Tumekubaliana nyumba kadhaa za mstari mmoja, tukachimba mfereji unaopita pembeni mwa parseli (viwanja) zote mpaka kwenye mfereji mkubwa, na kila Jumamosi kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, kila mtu anazibua kipande chake. Tangu hapo ukuta wangu wa nyuma umekauka na nguo za kabatini haziotei ukungu. Kwa hiyo ninyi wa Goma anzeni na msumari, sisi tunaanza na jembe.

Kwa kabati: pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, acha milango wazi wakati wa jua, na usibandike kabati ukutani. Chini weka kopo la makala yasiyowashwa, yanavuta unyevu kidogo. Yabadilishe yakilowa na kuwa mazito.

#10 Kaka wa Kenya, Lubumbashi

Sisi wa komini Kenya hapa Lubumbashi vumbi ni jekundu, linapaka pazia nyeupe rangi ya chai. Nimejaribu hilo la kufunga chumba na kuangalia mistari ya mwanga. Nyumba yangu ni ya matofali na bado nimeona njia kwenye fremu za madirisha na juu ya ukuta panapokutana na bati. Nimeziba kwa saruji. Mke wangu amefurahi kuliko siku niliyonunua televisheni.

#11 Yaya Birere

Naomba tuongee kunguni. Nyumba za Birere zimebanana, ukuta wangu ni ukuta wa jirani. Tunapaka petroli kila mwanya, wanarudi. Nimechoka, watoto hawalali.

#12 Muuguzi wa Mabanga

Yaya, petroli acha. Mnajua moto ulivyotupiga katika mitaa ya mbao; nyumba iliyopakwa petroli inawaka kabla mtu hajatoka.

Kunguni anakaa muda mrefu bila kula, kwa hiyo kulala kwa jirani wiki moja hakumwui. Kinachomwua ni joto. Maji ya nyuzi 60 yanaua wakubwa na mayai. Shuka, neti, nguo zote za kitandani ziloweke kwenye maji moto kweli kweli, siku moja, zote pamoja. Kitanda kifungueni, kila kiungo na kila tundu la msumari mwagieni maji yanayochemka, mkikaa mbali na watoto. Godoro likaguliwe mshono kwa mshono, kwa taa na sindano. Kisha mianya ya ukuta izibwe, ndani na nje, na kitanda kisiguse ukuta wala rido.

Mayai yanaanguliwa karibu siku 10, na penye baridi kama kwetu yanachelewa. Kwa hiyo rudieni kazi yote baada ya wiki mbili, hata kama hamwoni mdudu. Na zungumza na jirani, mfanye siku moja. Ukuta ni mmoja, dawa iwe moja.

#13 Yaya Birere

Nitaongea naye leo jioni. Ni mama mwenye roho nzuri, shida ni kwamba kila mmoja anaona haya kutaja kunguni.

#14 Mama wa Ndosho

Mwambie hivi: kunguni hawaji kwa sababu ya uchafu. Wanakuja kwenye valizi, kwenye kiti kilichonunuliwa, kwenye begi la mgeni aliyetoka safari. Hata nyumba ya tajiri wanaingia. Ukianza hivyo haya inaondoka.

#15 Papa Majengo

Nasoma na nina swali la ukweli. Haya yote anayafanya nani? Nyumbani kwangu mama na binti wawili wanafagia, wanachota, wanaosha. Wavulana wako barabarani. Mimi narudi usiku.

#16 Mama wa Ndosho

Papa, nashukuru umeuliza mwenyewe.

Mtoto wa kiume anayekula kwenye sahani anaweza kuiosha. Kwetu kila mtu ana mahali pake, na hapabadilishwi ovyo, ili tujue wa kumuuliza. Kijana mkubwa: maji na bidoni, kuanzia kuchota mpaka kuzitikisa kwa vijiwe. Binti: saloni. Mdogo: viatu na gunia la mlangoni, kazi ambayo hata mtoto wa miaka sita anaiweza na anaionea fahari. Baba: paa, misumari, choo. Mimi: jiko na chumba chetu. Jumamosi, kabla ya salongo ya mtaa, tunafungua vyote, magodoro yanatoka juani, rido zinakung'utwa.

Binti anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, akafagia, ndipo akaenda shule, anasinzia darasani. Nimewaona hao wasichana. Usafi wa nyumba usinunuliwe kwa masomo ya mtoto mmoja.

#17 Papa Majengo

Umenena. Choo nimekichukua mimi.

#18 Mpangaji Kyeshero

Choo! Parseli yetu tuko familia tano, choo kimoja. Kila mtu anasema si yeye. Tena shimo ni fupi, linajaa haraka.

#19 Fundi Mbao

Shimo fupi ni sababu ya mwamba. Huwezi kwenda chini, basi panda juu: choo kinainuliwa kwa mawe na saruji, unapanda ngazi, na shimo linapata kina. Muombeni mwenye parseli, ni jukumu lake. Ila ninyi msitupe humo kopo, vitambaa, plastiki wala mabaki ya chakula, maana hivyo ndivyo vinavyolijaza kabla ya wakati. Wekeni pubeli (pipa la taka) yenye kifuniko mlangoni mwa choo.

Tundu liwe na kifuniko chenye mkono mrefu. Nzi asipoingia, hatoki kwenda kwenye sahani.

#20 Mama wa Ndosho

Na zamu iandikwe kwenye ubao, ipigiliwe ndani ya mlango wa choo: familia, siku. Fagio na ndoo za choo ziwe za choo peke yake, zipakwe rangi. Sabuni inunuliwe kwa mchango wa kila mwezi, na ashike mtu mmoja. Nimeona parseli zikigombana miaka kwa ajili ya sabuni ya kipande kimoja. Karibu na mlango paning'inizwe kopo lenye tundu dogo chini na kijiti cha kuziba. Ukichomoa kijiti maji yanatiririka kidogo, unanawa, unarudisha. Bidoni moja inatosha watu wengi.

#21 Mtu wa Mugunga

Niongeze la upande wetu. Watu wanachimba shimo la stoo nyuma ya nyumba, la kuwekea viazi na bidoni. Mugunga na Kyeshero kuna mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Ile hewa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mabondeni na mashimoni, haina rangi. Asubuhi unakuta mbuzi amekufa bondeni. Stoo ijengwe juu ya ardhi, na mtoto asitumwe kuingia shimoni kuchukua kitu.

#22 Dada Himbi

Na majivu ya volkano yakianguka? Mei 2021 baada ya mlipuko wa tarehe 22, na matetemeko, tuliporudi kutoka tulikokimbilia nyumba yote ilikuwa na unga mweusi. Nilifagia nikakohoa wiki nzima.

#23 Muuguzi wa Mabanga

Majivu ni kama vumbi alilolieleza mama, ila makali zaidi. Vaa barakoa au kitambaa chenye unyevu puani. Kabla ya yote chomoa mfereji wa paa kutoka kwenye pipa la maji, yasiingie. Nyunyiza maji kidogo, yasiwe mengi, maana yakilowa sana yanakuwa mazito na kugandama. Juu ya bati yapunguzeni mapema, mkipanda kwa uangalifu, bati la kutu halibebi mtu. Pita juu ya misumari penye boriti. Yakusanyeni kwenye magunia. Msiyasukume kwenye rigoli, yataziba na mvua ya kwanza itaingia ndani. Watoto na wenye pumu wasiwepo wakati wa kazi.

Chakula kilichokuwa wazi kitupwe. Mboga ya bustani, lenga-lenga na sombe, ioshwe mara nyingi kwa maji safi.

#24 Selibateri wa Katoyi

Mama, nimerudi. Makala yametoka nje, kitanda kiko juu ya matofali, na nimepata ndoo tatu zenye vifuniko. Sufuria bado ni nyeusi kabisa. Nisugue na nini?

#25 Mama wa Ndosho

Hongera mdogo wangu.

Sufuria ipake kabla ya kuiweka motoni: chukua sabuni ya kipande, pitisha chini na pembeni kwa nje, utando mwembamba. Masizi yatakaa juu ya sabuni, na ukiosha yanatoka na maji. Yaliyokwisha kushika, tumia majivu ya mbabula yaliyochungwa, yaliyoloweshwa kidogo, na kitambaa cha gunia. Usitumie mchanga wa volkano kwenye sufuria ya alumini, unachimba mistari na masizi yanapata mahali pa kukaa daima. Majivu ya makala yanakata mafuta, hata sahani za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinatoka bila harufu. Suuza vizuri, kisha pindua juu ya kichanja juani. Usipanguse kwa kitambaa kinachopangusa kila kitu. Jua linakausha na linaua.

#26 Selibateri wa Katoyi

Sawa mama, aksanti. Swali la mwisho kwa fundi: hizo mbao nyembamba za mianya nipigilie lini? Nangoja mshahara mwisho wa mwezi wa tisa.

#27 Fundi Mbao

Usingoje mpaka huko. Mbao kavu ndiyo inaonyesha mwanya wake wote. Mvua ikianza ubao unavimba, utadhani pamefunga, utapigilia kidogo, na Juni ijayo panafunguka tena. Fanya Agosti. Kama pesa haitoshi, anza na ukuta unaotazama barabara na ule wa kichwani mwa kitanda. Tumia misumari midogo, na upigilie upande mmoja tu wa ubao mwembamba, ili ubao mkubwa ukivimba upate nafasi ya kusogea bila kuupasua.